Maharagwe Tisa Juu ya Tabaga

Shida zangu zilianza mwaka wa 1964, nikiwa na miaka thelathini kamili, na mke, na mtoto mmoja mgongoni mwake. Mzungu tuliyemfanyia kazi karibu na Kitale aliuza shamba, akapanda gari na mbwa wake wawili, akatupungia mkono. Mbwa walipata nafasi garini. Sisi tulipewa wiki moja tuhame.

Nawaandikia nyinyi mliobaki katika chumba cha mashine. Siku ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu, "Mzee Wekesa, ulifikaje huku na darasa la tatu?" Nikajibu, "Kwa miguu." Mkacheka. Sikuwa natania, lakini keki ilikuwa inakatwa na sikutaka kuharibu. Sasa nina wakati, nitajibu vizuri. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hayo yako katika faili la ofisi, na faili halijawahi kumfundisha mtu kazi.

Kule shambani nilikuwa mtu wa kuhesabu mikebe ya maziwa. Kuandika tarakimu ndefu kulinishinda, kwa hiyo nilijaza maharagwe mfuko wa kulia. Mkebe ukipita, haragwe moja linahamia mfuko wa kushoto. Jioni nyapara anakuja kuhesabu mfuko wangu. Miaka tisa hatukuwahi kubishana. Mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Nairobi tulipanga chumba Kawangware, kwa familia iliyozaliwa papo hapo tangu babu zao. Siku hizo mahindi yalikuwa mengi kuliko nyumba, na fisi alikuwa jirani kama wengine. Nilibeba mawe ya kujengea, nikachimba mitaro, nikalinda godauni. Mwaka wa 1968 nikaandikwa kazi ya kufagia katika kampuni moja mjini iliyokuwa na kompyuta, ikifanyia kazi wateja wengi.

Siku ya kwanza niliambiwa nivue viatu mlangoni, kwa sababu ya vumbi. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kikaingia kazini kabla yangu. Ndani kulikuwa na baridi kali na kabati za chuma zikinguruma. Nilikuwa nimeona chumba cha baridi namna hiyo mara moja tu, katika bucha kubwa la Kitale. Nikamuuliza karani, "Nyama iko wapi?" Waliniita Bwana Nyama mpaka mwaka ukaisha.

Aliyeniondolea jina hilo ni Bwana Fernandes, Mgoa mwembamba aliyekuwa mkuu wa mashine. Siku moja alinikuta nimepiga magoti, napanga karatasi za kutupwa, zile ndefu zilizochapwa programu.

"Unapanga takataka?" akaniuliza.

"Ziko na namba, bwana. Kitu chenye namba kikitupwa ovyo kinaniuma."

Kesho yake akaniletea penseli nyekundu, akanikalisha kando yake saa ya chakula. "Usiogope Kiingereza cha mashine," akasema. "Maneno yake hayafiki hamsini. Kiingereza cha watu ndicho kigumu, na hicho hata meneja hakijui." Kila mchana, miaka mitatu, tulisoma mstari mmoja mmoja. Nilipita na kidole, naye alikuwa akinipiga kidole hicho kwa rula nikiruka mstari. Alikuwa na sheria moja: pahali ambapo kidole hakijapita, usiweke sahihi. Ukiweka, umetia sahihi uongo.

Kutoka ufagio nilienda kubadilisha kanda, kutoka kanda nikaenda kuendesha mashine. Bwana Fernandes alipostaafu, kazi ya kukagua iliniangukia. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba hakuna badiliko linaloingia katika programu kuu, ile inayoendesha programu nyingine zote, mpaka lisomwe na mtu ambaye hakuliandika, naye aweke sahihi pembeni ya ukurasa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wahandisi wenye digrii walileta, mtu wa darasa la tatu akasema ndiyo au hapana. Nilijivuna? Nilijivuna sana. Najivuna hata sasa.

Nilikagua kwa maharagwe. Nilikuwa na kopo kwenye droo. Programu ikisema ongeza, naongeza haragwe, ikisema hamisha, nahamisha. Mashine haina siri kubwa, inahesabu na kuhamisha tu. Maharagwe yakibaki mahali pasipofaa, programu ina kosa, hata kama aliyeiandika amesoma ng'ambo.

Sasa niwaeleze badiliko la 1984, maana ndilo lililonifanya niandike.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza, na diski ni kama kabati. Unachoandika kiko mezani kwanza, halafu kinapelekwa kabatini. Meza ni ya haraka, lakini stima, yaani umeme, ikipotea, kilichokuwa mezani kimeenda. Kilichofika kabatini kinabaki. Kipande kilichoandikwa mezani na hakijapelekwa, wahandisi hukiita kichafu. Si matusi, ni jina tu.

Mashine yetu mpya ilikuja na programu yake kuu ikiwa wazi, kwa hiyo tuliweza kuibadilisha wenyewe. Diski yake ilikuwa polepole. Kila kipande kidogo kilipokimbizwa kabatini, wapiga taipu wote waliokuwa wakiingiza kazi za wateja walisimama wakingoja. Kijana wetu mmoja, Kariuki, mhandisi mwenye akili na viatu vya kung'aa, akaandika kizuizi. Vipande vichafu vikae mezani, na mashine iwe na hesabu yake. Kipande kikichafuka, ongeza moja. Hesabu ikifika arobaini, mpelekaji aamke, aanze kupeleka kabatini mpaka hesabu ishuke. Kila kipande kikifika, punguza moja. Wazo zuri. Hata leo nasema ni zuri.

Akaniletea ukurasa. Nikafungua droo, nikatoa kopo.

"Ah, Mzee," Kariuki akasema, na chumba kizima kinasikia, "hii ni ya kusomwa. Si ya kupika githeri ya mahindi na maharagwe."

Watu wakaangua kicheko. Hata yule wa chai alicheka, na chai ikamwagika. Nikahisi tundu la soksi limerudi. Nikarudisha kopo kwenye droo, nikapita na macho badala ya kidole, nikaweka sahihi. Dakika tano. Bwana Fernandes angenivunja mkono.

Kizuizi kikaingia, na mashine ikakimbia kama swara. Kila mtu alifurahi, Kariuki akapewa mkono. Kisha mvua zikaja, na mvua za Nairobi na stima hazijawahi kuelewana.

Katika wapiga taipu wetu kulikuwa na Mama Halima, Mnubi wa Makina, Kibera. Babu yake alikuwa askari wa zamani aliyepewa mahali pale kabla Nairobi haijajua kama itakuwa mji. Mume wake alikuwa amekufa, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba ya watu saba. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vya haraka kuliko vyote. Wakati huo tulikuwa tunaingiza fomu za watu wazima wa masomo ya jioni, wanaotaka kufanya mtihani. Jina lako lisipoingia, mtihani hufanyi.

Stima ikapotea saa tisa mchana. Iliporudi, fomu za wapiga taipu wengine zilikuwepo karibu zote. Za Mama Halima, kazi ya tangu asubuhi ilikuwa imepotea. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Za wengine zimepungua mbili tatu, zake ni shimo.

Meneja akamwita mbele yetu. "Mama, wenzako wanatumia mashine hiyo hiyo. Kwa nini wewe peke yako?"

"Nimeziandika."

"Ziko wapi?"

"Uliza mashine."

"Mashine imekaguliwa," meneja akasema, na akanionyesha mimi kwa kidole. "Jumatatu nataka sababu. Kama hakuna, utatafuta kazi nyingine. Siwezi kuweka mtu anayekaa siku nzima akijifanya anaandika."

Nikanyamaza. Andikeni hilo katika vitabu vyenu: Mzee Wekesa alinyamaza.

Jioni ile nilibeba kopo na ukurasa wa Kariuki nyumbani, nikatoa maharagwe, nikaujaribu kama nilivyopaswa toka mwanzo. Maharagwe yalikuwa vipande. Kwa hesabu nilitumia punje za mahindi ndani ya kikombe. Haragwe likichafuka, punje moja inaingia kikombeni. Haragwe likifika kabatini, punje moja inatoka. Nikafanya mara kumi. Ikatoka sawa mara kumi. Mke wangu akauliza kama tutakula au tutacheza. Nikalala nimetulia kidogo, nikijiambia kwamba labda mama wa watu kweli anafanya kosa lake.

Jumamosi tulifunga kazi saa sita. Mama Halima alinisubiri nje ya lango.

"Baba Nafula," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wangu, "unaamini mimi nimekaa pale kujifanya?"

"Nimejaribu ile programu kwa mkono wangu. Iko sawa."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, ndiyo."

"Huo mkono wako nimeuona ukipiga taipu. Kuku anadonoa haraka kuliko wewe." Akajifunga leso vizuri. "Njoo nyumbani. Leta hayo maharagwe yako. Nitakuonyesha mimi naandika vipi."

Nilipitia Kawangware kuchukua kopo, nikakatiza Riruta, nikafuata Ngong Road mpaka Makina. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, pana, na baraza safi, na mahindi yamesimama nyuma. Mama yake mzee alikuwa amekaa mkekani akisuka tabaga, lile sinia la ukindu la rangi nyingi ambalo Wanubi hufunika nalo chakula. Alinisalimu, akaniuliza habari za watu wangu wote mpaka ng'ombe, ndipo akasogea.

Nilipokwisha kumweleza habari ya meza na kabati, Mama Halima akatwaa tabaga moja lililokwisha kusukwa, akaliweka katikati. "Hii ndiyo meza. Kabati ni nini?"

"Chupa ile."

"Na mimi?"

"Wewe unagusa haragwe. Ukigusa safi, limechafuka, unalileta kwenye tabaga, mimi natia punje kikombeni. Ukigusa ambalo ni chafu tayari, hakuna kitu, lilishahesabiwa. Punje zikifika tano naanza kupeleka kwenye chupa."

Tukaanza. Yeye hakungoja. Nyumbani nilikuwa nagusa, nahesabu, napeleka, nagusa tena, kama mtu anayetembea peke yake njiani. Mama Halima alikuwa anagusa wakati mimi napeleka. Punje zikafika tano, nikachukua haragwe, nikaanza kulipeleka chupani, naye akanyoosha mkono akaligusa likiwa katika vidole vyangu.

"Wewe, hili liko njiani!" nikasema.

"Na mimi sijalimaliza. Fomu ina mistari ishirini. Unanichukulia karatasi mkononi halafu unasema iko njiani?"

Nikasimama. Nikatoa ukurasa mfukoni, nikapita na kidole. Kariuki alikuwa amelifikiria hilo. Aliandika kwamba kipande kikiguswa kikiwa njiani, kisihesabiwe kimefika. Kibaki kichafu, kirudi nyuma ya foleni. Vizuri. Nikarudisha haragwe kwenye tabaga. Mstari uliofuata ukasema punguza moja. Haukuuliza kama kimefika au kimerudi. Nikatoa punje kikombeni.

"Haya, endelea," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imebadilika na mama yake akainua macho.

Tuliendelea kama robo saa. Yeye anagusa, mimi napeleka, anagusa tena, narudisha. Kila nililorudisha, nilitoa punje kama ukurasa ulivyoniamuru. Akarudi kuligusa, lilikuwa chafu tayari, kwa hiyo sikuongeza. Mwishowe kikombe kilikuwa kitupu. Mashine ingeapa kwamba hakuna kitu cha kupeleka.

Juu ya tabaga palikuwa na maharagwe tisa.

Mama Halima aliyahesabu mara mbili. "Haya ni ya nani?"

"Yako," nikasema. "Yote ni yako. Anayeandika polepole, kipande chake kinafika kabatini kabla hajakigusa tena. Wewe unakigusa njiani kila mara, kinarudi nyuma ya foleni, na hesabu inashuka. Tangu asubuhi inashuka tu. Ikifika saa tisa mashine inafikiri ina vichafu kumi, na kumbe viko mia. Haiamshi mpelekaji."

"Kwa hivyo kosa langu ni haraka."

"Kosa si lako."

"Ni la yule kijana?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, nikanywa chai yangu, nikaenda. Mama mzee alikuwa ameacha kusuka.

"Ni la kwake na langu," nikasema. "Zaidi langu. Yeye aliandika. Mimi niliwekwa pale ili akikosea, nione. Nilionea haya maharagwe."

Mama Halima hakusema pole wala asante. Alimimina maharagwe yangu kwenye kopo, akafunga kifuniko. "Jumatatu utayasema hayo maneno," akasema, "hivyo hivyo ulivyosema hapa. Usiyapunguze."

Jumatatu niliweka kopo, kikombe na chupa juu ya meza ya meneja. Kariuki alikuwa amesimama, mikono mfukoni. "Mzee, tena githeri?" akasema, lakini safari hii hakuna aliyecheka, maana Mama Halima alikuwa amevuta kiti na kukaa bila kuambiwa.

"Jaribio langu lilikuwa sawa," Kariuki akasema. "Nilijaribu kila asubuhi."

"Asubuhi mashine imewashwa sasa hivi, hesabu iko safi," nikamwambia. "Na ulijaribu dakika kumi, peke yako. Gusa haragwe."

Akagusa, Mama Halima akagusa, nikapeleka. Punje zilipoisha kikombeni, tabaga halikuwepo, lakini maharagwe yalikuwa juu ya meza ya meneja, saba, yakimtazama. Kariuki aliinama juu ya ukurasa wake. Masikio yakawa mekundu, na kwa mtu mweusi hiyo ni kazi. "Wacha," akasema polepole. "Wacha, nimeona. Ile punguza inafaa kuwa ndani ya sharti, ifanyike kipande kikifika tu, sio nje." Kijana mzuri. Wajinga hubishana zaidi.

Meneja akaniuliza, "Na wewe ulikagua hii?"

"Niliweka sahihi. Sikukagua. Nilichekwa, nikaona aibu, nikaweka sahihi kwa dakika tano. Huyu mama ameitwa mwongo mbele ya watu kwa sababu ya sahihi hiyo, nami nilikuwepo nikanyamaza."

Nikachukua penseli nyekundu ya Bwana Fernandes, nikaikata sahihi yangu mbele yao, mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.

Meneja hakuomba msamaha. Aliagiza chai, ya watu wanne, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo kubwa. Mimi nilivuliwa kazi ya kukagua kwa miezi sita, nikarudi kwenye kanda. Ilikuwa haki. Mama Halima alibaki kazini, lakini kabla ya kurudi kwenye taipu yake alisimama na kusema sharti lake: badiliko lolote la programu kuu, kabla ya kuingia, apewe mpiga taipu wa haraka kuliko wote aliendeshe kuanzia asubuhi mpaka jioni, halafu naye aweke sahihi. Meneja akasema mpiga taipu hajui programu.

"Sijui kupika mashine," Mama Halima akamjibu, "lakini mimi ndiye ninayekula."

Meneja akakubali, Kariuki akasahihisha ukurasa ule ule, na Mama Halima akauendesha siku nzima, akatia sahihi yake chini ya ile niliyoikata. Ndiyo sababu mpaka leo, pembeni ya kila ukurasa, mna nafasi ya sahihi mbili. Baadhi yenu mmekuwa mkiijaza ya pili wenyewe, kwa haraka, saa ya kwenda nyumbani. Niliwaona. Nimenyamaza mara moja maishani na sikupenda ladha yake, ndiyo maana sasa nasema: acheni.

Zile fomu tuliziandika upya, mimi nikisoma, yeye akipiga. Nilichelewa kusoma, akanitukana kwa Kiswahili na kwa Kinubi. Kariuki siku hizi ana kopo lake mwenyewe. Anasema ni kokoto, si maharagwe, kwa sababu yeye ni mtu wa sayansi.

Nimestaafu mwaka huu wa 1989, na miaka hamsini na mitano. Nina ploti moja Kawangware yenye vyumba vinane vya mabati, saba vya wapangaji na kimoja changu. Nina ekari mbili nje ya Kitale, zimepakana na lile shamba la mzungu. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama. Nina baiskeli. Nina redio. Nina watoto watano, wote wamepita darasa la tatu. Nina penseli nyekundu, imebaki urefu wa kidole gumba. Nina tabaga moja la Makina, nililopewa na yule mama mzee kabla hajafa, na kopo la maharagwe ambalo mke wangu haruhusiwi kulipika. Na nina ukurasa mmoja wa karatasi ya kompyuta, wa 1984, wenye sahihi moja iliyokatwa kwa wekundu na, chini yake, sahihi ya Mama Halima, imesimama nzima.